Ng'ombe Kupata Mimba Bila Fahali: Je, Ni Dhambi?

Jumapili moja, watu walipokuwa wakitoka katika Misa, mzee mmoja mfugaji alitungoja chini ya mti wa kengele. Ana majike wanne wa Ankole katika milima yetu ya Kivu, wala hana fahali. «Mwalimu,» alisema, «wanataka kumtia ng'ombe wangu mbegu kwa mrija. Papa hakulikataza jambo hilo?» Vijana wakacheka. Sisi hatukucheka, maana lilikuwa swali la mtu mwenye dhamiri.

Jibu lake ni fupi. Mwaka 1949 Papa Pio XII aliwaambia waganga Wakatoliki kwamba njia hiyo haiwafai binadamu, kwa kuwa mtoto wa mtu yapasa azaliwe katika ndoa, kwa tendo la upendo la baba na mama. Ng'ombe hana ndoa. Mungu alimkabidhi mtu wanyama awatunze, nao wamfae. Yakobo naye, kama tusomavyo katika Kitabu cha Mwanzo, aliwachagua kondoo wenye nguvu ili kundi lake listawi. Tena mmoja wa watu wa kwanza kulijaribu jambo hili alikuwa padri, Lazzaro Spallanzani wa Italia. Mwaka 1780 alimtia mbwa jike mbegu, naye akazaa watoto watatu baada ya siku 62.

Lakini tulipoendelea kuongea, tuliona kwamba hofu ya dhambi ilificha hofu nyingine. Jirani yake alikuwa amelipa, na ng'ombe hakushika mimba. Tangu hapo kilima chote kinasema mrija hauna nguvu.

Wenye elimu huwaita wafugaji hawa wakaidi. Sisi hatukubali. Tazameni kazi yenyewe ilivyo. Mbegu hutunzwa ndani ya naitrojeni ya majimaji, katika baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Naitrojeni ikikauka, mbegu hufa, na mfugaji hana macho ya kuliona hilo. Jike hupata joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto hilo kwa kawaida halimalizi siku nzima. Akionekana asubuhi akitulia apandwapo na wenzake, atiwe mbegu jioni. Akionekana jioni, atiwe kesho yake asubuhi. Mtaalamu akikwama katika tope, siku 21 zimepotea, na pengine fedha pia.

Mfugaji wa maziwa ana nafuu, kwa maana humgusa ng'ombe wake kila akamuapo. Ng'ombe wa nyama yuko mlimani na ndama wake, na mchungaji ni mtoto ambaye saa hiyo yuko darasani (wala tusimtoe huko!). Fahali haitwi na mtu. Hata usiku wa manane anajua kazi yake.

Wengine husema mrija huleta ndama madume tu. Si kweli: kwa mbegu ya kawaida, karibu nusu huwa majike. Wengine huogopa ndama mkubwa mno, nao wana haki. Mtamba mdogo akitiwa mbegu ya jamii kubwa kama Charolais, aweza kushindwa kuzaa. Basi mfugaji aulize kwanza: fahali huyu huzaa ndama wepesi?

Hata hivyo, fahali wa kuazima naye ana hasara zake. Hupita zizi hata zizi akieneza magonjwa ya uzazi, kama vile trikomonasi, na akikaa miaka mingi kilimani huwapanda binti zake mwenyewe.

Tulimshauri mzee apatane na majirani, ng'ombe wao wachomwe sindano ya kuwaletea joto kwa wakati mmoja, ili mtaalamu aje safari moja tu. Tena wapatane naye kwamba sehemu ya malipo ingoje mpaka mimba ipimwe, baada ya miezi miwili au mitatu.

Alikaa kimya, akihesabu kwa vidole. «Nitaanza na yule mwenye pembe nyeusi,» alisema mwishowe, «amekwisha kuzaa mara tatu. Wengine wabaki kwanza na fahali wa jirani.»