Gliserini: Si Mafuta, na Asili Yake Iulizwe

Kaskazi ikipamba moto na visigino vikaota magaga, wengi wetu hapa pwani hukimbilia kichupa cha gliserini. Watu huyaita mafuta, na si mafuta. Mafuta na maji hayapatani, lakini gliserini ukiitia majini huyeyuka isionekane. Bwana Carl Wilhelm Scheele wa Sweden ndiye aliyeigundua, mwaka 1779, katika kuchemsha mafuta ya zeituni, akaiona tamu.

Kazi yake ni kuvuta maji. Hewa ikiwa na unyevu huyavuta huko. Ikiwa kavu, huyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Kwa hiyo anayejipaka gliserini tupu juu ya ngozi kavu aweza kuzidi kukauka. Bibi zetu waliochanganya na marashi mawaridi walijua walifanyalo. Tia kijiko kimoja kwa viwili au vitatu vya marashi, ujipake ukitoka kuoga mwili ungali na maji, kisha mafuta ya nazi kidogo juu yake.

Ngozi nyingi huipokea bila taabu, ingawa gaga lililopasuka litawasha. Hatari iko katika kuinywa. Wako wamlambishao mtoto kwa ajili ya kikohozi, na sumu iitwayo daiethilini glaikoli hufanana nayo mno. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo baada ya watoto kufariki Gambia, na sumu hiyo ikakutwa katika dawa za kikohozi. Ya kupaka ibaki ya kupaka.

Sasa asili yake. Hutolewa katika mafuta ya nazi na mawese, katika shahamu ya ng'ombe au hata ya nguruwe, na nyingine katika petroli. Kwa macho zote ni moja. Wako wanavyuoni wasemao kitu kikigeuka kabisa hutahirika. Lakini Mashafii, ambao ndio wengi wetu pwani, hawakubali hivyo ila kwa mambo machache, kama pombe iliyogeuka siki yenyewe. Na hili si la chakula tu, kwani swala yataka mwili tohara. Basi tafuta chupa iliyoandikwa kuwa imetokana na mimea, na muuzaji asiyejua asikuone mkorofi ukiuliza.

Kuhusu udhu, gliserini haiachi ganda la kuzuia maji, huondoka nayo.