Saa 15 Kitini: Tuitunze Miguu Yetu

Wapo kati yetu wazazi wanaoitwa na watoto wao walioko Marekani. Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways imekuwa na ndege inayotoka Nairobi hadi New York bila kutua njiani. Umbali ni kilometa 11,800 hivi. Kwenda huchukua kama saa 15, na kurudi kama saa 14, kwa kuwa pepo za juu angani huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege.

Kwa upande wa afya, tuzitazame saa za kukaa kuliko kilometa. Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa msaada wa misuli. Tutembeapo, misuli hukaza na kulegea, nayo huisukuma damu kama pampu. Tukikaa bila kujongea, damu hutuama na yaweza kuganda ndani ya mshipa. Donge hilo likikatika na kufika mapafuni, mtu aweza kufa ghafla.

Je, tuogope kusafiri? La. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza hatari hii kama mara mbili. Hata hivyo, kwa wenye afya nzuri, humpata kama mtu 1 kati ya 6,000. Tena si ndege tu: basi na treni ni vivyo hivyo.

Wanaopaswa kumwona daktari kabla ya safari ni hawa: aliyewahi kuganda damu, aliyepasuliwa au kujifungua karibuni, mja mzito, mwenye kansa, na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni.

Tukiwa safarini tufanye haya:

1. Tuinuke na kutembea kila baada ya saa 1 au 2.
2. Tukiwa kitini, tuinue visigino na vidole vya miguu mara kwa mara.
3. Tunywe maji, maana hewa ya ndani ya ndege ni kavu. Pombe tuiache.
4. Tusimeze aspirini bila kuagizwa na daktari.
5. Dawa zetu tuziweke katika mkoba wa mkononi.

Tukumbuke pia tofauti ya saa, ambayo ni 7 au 8 kufuatana na majira. Anayeondoka Nairobi saa 6 usiku huweza kufika New York saa 2 asubuhi, kumbe mwili wake unahesabu saa 9 alasiri. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini aulize mapema namna ya kupanga saa za dawa.

Mwisho, hatari haiishi uwanjani. Katika majuma yanayofuata, mguu mmoja ukivimba na kuuma, twende hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikibana ghafla, kifua kikiuma au tukikohoa damu, twende mara moja, nasi tumwambie daktari kwamba tumetoka safari ndefu.