Ndagu, jini na dawa ya kutokufa: gharama hulipwa na nani?

Mtu akiezeka nyumba kwa bati jipya, akanunua fuso na kufungua duka la jumla ndani ya mwaka mmoja, haipiti wiki maneno yanaanza kijiweni: "Yule amechukua ndagu."

Kwa asiyelijua neno hili, ndagu ni dawa ya utajiri inayosemekana kutolewa na mganga kwa masharti. Masharti mengine husimuliwa kama vichekesho, mfano tajiri kulala sakafuni au kuvaa matambara siku zote. Mengine yanatisha: kumtoa mzazi au mtoto kafara, au kukubali kufa baada ya miaka fulani. Nyuma ya yote, tunaambiwa, kuna jini anayetaka kulishwa.

Wasikilizaji wetu wa Kate, Chala, Laela na bonde la Ziwa Rukwa wanazijua simulizi hizi. Katika makala haya tunaeleza mikataba ya namna hii ilianzia wapi kwingineko duniani, iliwafikisha wapi walioiamini, na kwa nini tunapaswa kuizungumza bila kuificha.

Hata Ulaya walikuwa na "ndagu" yao

Nchini Ujerumani, miaka 500 hivi iliyopita, aliishi mtu aliyeitwa Faust, aliyejulikana kwa uganga na unajimu. Baada ya kufa kwake watu walisimulia kwamba aliweka mkataba na shetani na kuusaini kwa damu yake. Shetani angemtumikia kwa miaka 24, akimpa elimu, anasa na uwezo wa ajabu. Muda ukiisha, roho yake ingekuwa mali ya shetani. Kitabu cha simulizi hiyo kilichapishwa Frankfurt mwaka 1587.

Ukiitazama, ni ndagu tupu: kuna kinachotolewa, kuna masharti, na kuna siku ya kulipa.

Waliotafuta kutokufa

Enzi hizo walikuwepo pia watu walioitwa wanaalkemia. Kazi yao ilikuwa kuchanganya na kuchoma madini, wakitafuta mambo mawili: kugeuza risasi na madini mengine ya kawaida kuwa dhahabu, na kupata dawa ya kumfanya mtu asizeeke wala kufa. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na ndilo lililozaa neno kemia tunalolifahamu shuleni.

Huko China, wafalme ndio waliokuwa wateja wakubwa wa dawa ya kutokufa. Mafundi waliitengeneza kwa zebaki, ile metali inayotiririka kama maji. Wafalme kadhaa wa ukoo wa Tang, uliotawala kuanzia mwaka 618 hadi 907, wanaaminika kufa kwa kunywa dawa hizo. Walitafuta uzima wa milele, wakanywa sumu.

Zebaki hiyo hiyo wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia hadi leo, kwa jirani zetu wa Mpanda na Chunya. Inashikana na dhahabu, kisha inachomwa ili dhahabu ibaki. Moshi wake hauonekani vizuri, lakini ukivutwa huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Anayechomea zebaki jikoni analisha familia yake sumu.

Waliogeuza udongo kuwa chuma

Ufipa nayo ilikuwa na mafundi wake wa kugeuza vitu. Wazee wetu walijenga malungu, yale matanuru marefu ya udongo, na mabaki yake bado yanaonekana sehemu mbalimbali za uwanda huu. Walipanga ndani mkaa na mawe yenye chuma, wakawasha moto, na hewa ikaingia yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Kilichotoka kilisafishwa katika tanuru dogo, safari hii kwa mivukuto, kisha kikafuliwa majembe, mashoka na mikuki.

Kazi hiyo ilikuwa na dawa zake na miiko yake. Fundi alikuwa na kapu la dawa, na wakati wa kuyeyusha chuma alikaa mbali na mkewe. Lakini tazama tofauti: sharti lilikuwa juu ya fundi mwenyewe. Alijinyima yeye, akatoa jasho yeye, na jembe likaonekana kwa kila mtu. Hakuna aliyedai mkono wa mtoto wa jirani ili chuma kitoke.

Sharti linapomwangukia mwingine

Hapo ndipo ndagu inapokuwa hatari. Tuamini jini yupo au hayupo, kafara inayodaiwa ni mtu wa kweli. Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliuawa nchini tangu mwaka 2000, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri na bahati. Mkoa wetu haukusalimika. Mwaka 2013 watu wenye ualbino walishambuliwa na kukatwa mikono hapa Rukwa, akiwemo mtoto.

Uvumi wa ndagu una madhara mengine pia. Mama mzee mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni huitwa mchawi. Kijana aliyefanikiwa kwa kilimo cha mahindi husemwa kwamba amemuua ndugu yake. Wengi husimulia kwamba jina Sumbawanga lina maana ya "tupa uchawi". Kama ndivyo, wito huo unatuhusu hata leo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na ambayo bado inatumika, inamtia hatiani mtu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi au anayetoa vifaa vyake. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Waganga wa tiba asili wanaruhusiwa, lakini kwa sheria ya mwaka 2002 wanatakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Kwa hiyo, msikilizaji, mganga akikuambia utajirike kwa damu, nywele au kiungo cha mtu, huyo si mganga tena. Mtoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au polisi kwa namba 112. Kama mtoto yuko hatarini, piga 116.

Na akikutaka utangulize fedha au ng'ombe ili jini akuletee mali, jiulize swali moja: kama anaye jini wa kuleta mali, kwa nini anahitaji ng'ombe wako?