MAANA YA NENO "DAMP"

Wanafunzi wengi tukiulizwa maana ya neno la Kiingereza "damp" hujibu upesi, "Penye maji." Jibu hilo halitoshi.

Nguo itokayo kwenye ndoo ni "wet", yaani imelowa chepechepe. Ikianikwa hata ikakaribia kukauka, lakini ukiivaa wasikia ubaridi mwilini, hiyo ndiyo "damp": ina unyevunyevu. "Moist" pia ni unyevu, ila mara nyingi ni ule upendezao, kama wa keki au wa udongo wa bustani. "Damp" aghalabu ni unyevu usiotakiwa. "Humid" husemwa juu ya hewa, kama hii ya Dar es Salaam wakati wa masika. Shati haliitwi "humid". Mimi niliandika hivyo katika insha, nikarudishiwa daftari lina wino mwekundu.

Maneno nayo husafiri. Zamani "damp" ilikuwa na maana ya mvuke, na Wajerumani hata leo huita mvuke "Dampf". Sisi tuna "rutuba", ambayo kwa Kiarabu ni unyevu, lakini kwetu imekuwa sifa ya udongo mzuri wa kulima.

Msidhani haya ni mambo ya mtihani tu. Likizo moja, nyumbani kwetu Mabibo, tulinunua gunia la mahindi lililoandikwa kwa Kiingereza kwamba lisiwekwe mahali "damp". Mama akaniuliza maana yake. Nikajibu kwa kujiamini, "Lisiwekwe penye maji." Hatukuona maji, basi tukaliegemeza ukutani. Kumbe ukuta ule ulikuwa ukivuta maji ya ardhini polepole. Baada ya majuma machache mahindi yakaota ukungu wa kijani, tukayatupa yote. Mama hakunigombeza, lakini nilijua kosa ni la nani.

Afadhali tuliyatupa. Kuvu za namna hiyo huweza kutoa sumu iitwayo sumukuvu, nayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ndiyo sababu mahindi ya kuwekwa ghalani yakaushwe mpaka unyevu wake usizidi asilimia 13.5, na magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Basi, ndugu wanafunzi, mzazi akikuuliza maana ya neno nawe huna hakika, fungua kamusi kwanza. Kuuliza si ujinga.