Utafiti wa vifo vya uzazi Mbulu na Hanang

Utafiti wa vifo vya uzazi Mbulu na Hanang ni mfululizo wa tafiti za afya ya jamii zilizofanyika katika miaka ya 1990 katika wilaya za Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania. Wakati huo wilaya hizo zilikuwa sehemu ya mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002. Miongoni mwa watafiti walikuwa Bjørg Evjen Olsen na Sven Gudmund Hinderaker, ambao waliutumia utafiti huo katika kazi zao za shahada ya uzamivu kwenye Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei.

Tafiti hizo ni mfano mzuri kwa wanafunzi wa afya, kwa kuwa zinaonyesha jinsi ya kuhesabu vifo ambavyo havikuandikwa popote.

Tatizo la kuhesabu

Kifo cha uzazi ni kifo cha mwanamke akiwa mjamzito, akijifungua, au ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kwisha, kwa sababu inayohusiana na ujauzito huo au huduma aliyopewa. Hospitali huandika vifo vinavyotokea wodini. Mwanamke anayefia nyumbani au njiani haingii katika daftari hilo. Hata wilaya ya Mbulu, yenye hospitali ya Haydom tangu mwaka 1955, ina vijiji vilivyo mbali na hospitali. Kwa hiyo hesabu ya hospitali peke yake huficha sehemu ya vifo.

Mbinu ya dada

Mojawapo ya njia zilizotumika ni mbinu ya dada, iliyobuniwa na Wendy Graham, William Brass na Robert Snow na kuchapishwa mwaka 1989. Badala ya kutafuta marehemu katika kumbukumbu, mtafiti huwauliza watu wazima maswali manne:

1. Una dada wangapi wa mama mmoja waliofikia umri wa kuzaa?
2. Wangapi kati yao wako hai?
3. Wangapi wamefariki?
4. Kati ya waliofariki, wangapi walifariki wakiwa wajawazito, wakati wa kujifungua, au ndani ya wiki sita baada ya kujifungua?

Kwa kuwa mtu mmoja anaweza kueleza habari za dada kadhaa, sampuli ya wastani hutoa taarifa za wanawake wengi.

Maneno ya swali yanahitaji uangalifu. Katika Kiswahili, "dada" anaweza kuwa binti wa mama mdogo, wa baba mkubwa au hata jirani. Swali lisipotaja "waliozaliwa na mama yako mzazi", hesabu huharibika.

Majibu hutumika kukadiria hatari ya mwanamke kufa kwa uzazi maishani mwake. Kwa mfano wa kufikirika, hatari hiyo ikiwa 2 kwa 100 na kila mwanamke akizaa wastani wa watoto 6, makadirio ni karibu vifo 336 kwa vizazi hai 100,000.

Matokeo

Makala iliyochapishwa mwaka 2000 ililinganisha sampuli mbili: ya kaya na ya kliniki za wajawazito. Sampuli ya kaya ilitoa makadirio ya vifo 362 kwa vizazi hai 100,000, na ya kliniki 444. Kila kadirio lina kiwango chake cha makosa ya sampuli, hivyo tofauti hiyo peke yake haithibitishi kwamba kundi moja lilikuwa na hatari kubwa zaidi. Faida ya kliniki ni gharama: wanawake wanakuja wenyewe, na mtafiti hahitaji kwenda nyumba kwa nyumba.

Makala nyingine ya mwaka 2002 ililinganisha ukamilifu wa vyanzo mbalimbali vya taarifa za vifo hivyo.

Mipaka

Dada wa wahojiwa walifariki katika miaka tofauti, hivyo makadirio ya mbinu hii huelezea hali ya takriban miaka 10 hadi 12 kabla ya mahojiano. Hayafai kupima mafanikio ya mradi wa mwaka jana. Pia hayaelezi sababu ya kifo. Kwa hilo hutumika mahojiano ya kina na ndugu wa marehemu kuhusu dalili na matukio yaliyotangulia kifo.

Matumizi ya sasa

Toleo jingine la mbinu hii, linalouliza pia umri na mwaka wa kifo cha kila dada, hutumika katika tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu nchini Tanzania. Tafiti hizo zilikadiria vifo 529 kwa vizazi hai 100,000 mwaka 1996, 556 mwaka 2015-16, na 104 mwaka 2022. Mwanafunzi anayenukuu takwimu hizi anapaswa kutaja pia mbinu iliyotumika na kipindi kinachohusika, kwani utafiti wa mwaka 2022 nao huhesabu vifo vya miaka kadhaa iliyoutangulia.