Mlinganyo wa Raychaudhuri

Mwaka 1952 Amal Kumar Raychaudhuri alipata kazi katika taasisi ya utafiti jijini Kolkata, India. Alitakiwa achunguze tabia za metali. Akazichunguza, kazi ni kazi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye nadharia ya Einstein ya uhusianifu, ambayo alijifunza zaidi peke yake alipokuwa akifundisha katika chuo kimoja jijini humo.

Kulikuwa na jambo lililomsumbua. Ukiirudisha nyuma hesabu ya ulimwengu unaopanuka, unafika mahali ambapo kila kitu kimebanana pamoja na msongamano hauna kikomo. Wengi hawakushtuka. Walisema kosa ni la wanahisabati waliojirahisishia kazi kwa kudhani ulimwengu unafanana pande zote. Ulimwengu halisi una vipande na mapengo, na vitu vingepishana tu. Raychaudhuri akaitupa dhana hiyo ya kufanana pande zote, kisha akatazama kinachobaki.

Chukua wingu la vumbi linaloelea angani bila kusukumwa na chochote ila mvutano wake lenyewe. Maada iliyomo hulibana. Likipotoka umbo, likawa refu upande mmoja na jembamba upande mwingine, ungetegemea liponyoke. Mlinganyo wa Raychaudhuri unaonyesha kwamba hapo ndipo linapobanwa kwa kasi zaidi. Kinacholipinga ni kuzunguka. Wingu lisilozunguka, likishaanza kusinyaa, chembe zake zitakutana tu, na kwa muda unaohesabika. Kwangu mimi uzuri uko hapo: hakuhitaji kujua umbo la ulimwengu mzima ili kulisema hilo.

Makala yenye mlinganyo huo aliyapeleka Marekani, kwa jarida la Physical Review, mwaka 1953. Yalichapishwa 1955. Shahada ya uzamivu ilikuja baadaye, na mmoja wa watahini wake alikuwa John Wheeler wa Princeton, bingwa wa nadharia ya uhusianifu.

Mwaka 1965 Mwingereza Roger Penrose aliutumia mlinganyo huohuo, safari hii kwa miale ya mwanga badala ya vumbi, kuthibitisha kwamba nyota inayoporomoka ikishavuka mpaka fulani haina pa kutorokea. Stephen Hawking akaugeuzia mwanzo wa ulimwengu. Penrose alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Raychaudhuri alikuwa amefariki tangu 2005. Mwaka 1961 alikuwa amerudi Presidency College, chuo alichosoma mwenyewe, akiwafundisha fizikia wanafunzi wa shahada ya kwanza.