Ulikuwa Wapi Wakati wa Vita?

Kigwena, kusini mwa Burundi, iko kando ya barabara ya Ziwa Tanganyika, kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, nchi ya mawese na ndagala. Msimu wa kampeni ukifika, elimu ya mgombea na mali yake ni mambo ya baadaye. Kwanza watu wanataka kujua wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1993, alikuwa wapi, na upande gani.

Wana sababu, na zinaanza kabla ya vita hivyo. Aprili 29, 1972 uasi ulizuka pwani hiihii ya kusini na watu wakauawa Rumonge na Nyanza-Lac. Jeshi la Rais Michel Micombero likajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima. Wahutu waliouawa wanakadiriwa kuwa laki moja au zaidi. Wengi wa huku walikimbilia Tanzania, na waliporudi miaka mingi baadaye wakakuta mashamba yao yana wenyewe wengine. Kwao sare, iwe ya serikali au ya msituni, si pambo la kampeni.

Marekani walipobishana mwaka 2004 juu ya vita alivyopigana mgombea urais John Kerry kule Vietnam, kulikuwa na faili la jeshi la kufungua. Msituni hakukuwa na karani. Aliyepigana katika makundi ya waasi ya CNDD-FDD au FNL alitambuliwa kwa orodha ya kamanda wake, na orodha ya kamanda ina marafiki pia.

Hata hivyo, ndani ya CNDD-FDD, ambayo sasa ni chama tawala, msitu unapita digrii. Mwanzoni mwa 2020 Pascal Nyabenda, spika wa bunge na raia asiye na historia ya bunduki, alitajwa sana kuwa chaguo la Rais Pierre Nkurunziza la kugombea urais. Majenerali walitaka mwenzao. Mkutano mkuu wa chama mjini Gitega ukamteua Jenerali Évariste Ndayishimiye, aliyeacha masomo ya sheria mwaka 1995 baada ya wanafunzi Wahutu kuuawa chuo kikuu.

Msitu huohuo humbebesha mwingine mzigo. Nkurunziza mwenyewe alihukumiwa kifo mwaka 1998, akiwa hayupo mahakamani, kwa kesi ya mabomu ya kutegwa ardhini. Makubaliano ya Pretoria ya 2003 yakawapa wapiganaji kinga ya muda. Mwaka 2005 akawa rais, na hukumu ile ikabaki maneno ya wapinzani.

Sasa mtazame Agathon Rwasa. Agosti 13, 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, waliuawa kambini Gatumba, na FNL aliyoiongoza ilikiri kushambulia. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Mwaka 2010 alijificha. Aliporejea hadharani 2013, jalada la Gatumba likaibuka naye. Mwaka 2015 akakubali kuingia bungeni na kuwa makamu wa spika, jalada likalala. Alipogombea urais 2020 alipewa asilimia 24 hivi. Machi 2024 akaondolewa uongozini katika chama chake cha CNL, na Juni 2025 CNDD-FDD ikachukua viti vyote 100 vya ubunge vilivyogombewa.

Simtetei Rwasa. Manusura wa Gatumba wana haki ya kusikia ushahidi wote na kujua nani alitoa amri. Ninachokataa ni jalada linalofunguliwa mtu akiwa tishio na kufungwa akishapewa kiti. Hapo marehemu wa Gatumba wanageuzwa silaha ya kampeni.

Tume ya Ukweli na Maridhiano imepewa kuchunguza kipindi kinachofika hadi Desemba 2008, lakini jasho lake kubwa limemwagika kwenye makaburi ya 1972. Makaburi hayo yalistahili kufukuliwa, na watu wa Rumonge wanalijua hilo kuliko wengi. Miaka ya 1993 hadi 2008 nayo ina makaburi, na waliotoa amri wengine bado wako hai, wengine wako madarakani. Uchaguzi wa urais ni 2027. Tume na mahakama ziyafungue majalada ya pande zote, la jenerali aliyeshinda na la kamanda aliyeshindwa, kabla majina ya wagombea hayajatangazwa.